Kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa Baiskeli: Mwongozo wa Watu Wawili Wanaochangisha Fedha

Pale Elburgon tulisimama kununua ndizi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia la viazi akatutazama, akazitazama baiskeli, akakisoma kibao nilichokuwa nimekifunga nyuma ya keria, kisha akauliza: "Kwani vijana mmekosa nauli?"

Tulicheka, lakini mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Ukipanda matatu asubuhi Nakuru, chakula cha mchana unakila Kisumu. Sisi tulikuwa tumetenga siku tatu, tupande hadi karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari kisha tuteremke hadi mita 1,130 hivi penye ziwa, na juu ya hayo yote tulikuwa tunaomba watu watoe pesa. Mwenzangu akamjibu: "Mzee, nauli tunayo. Tunaendesha ili shule moja ya huko Kano, karibu na Kisumu, ipate tangi la maji." Mzee akatikisa kichwa, akaongeza ndizi mbili juu ya zile tulizonunua.

Jibu hilo lilituchukua wiki mbili kulipata, na ndiyo sababu naanza nalo.

Hatua ya kwanza: pata sentensi moja, na uipate kwa wenyewe

Mtaulizwa swali la yule mzee kila mtakaposimama, na kila atakayeombwa mchango atauliza vilevile. Kama hamwezi kueleza mnachofanya kwa sentensi moja, ahirisheni safari.

Sentensi hiyo msiitunge sebuleni. Sisi tulikuwa tumeamua kupeleka vitabu. Tulipompigia mwalimu mkuu, alitushukuru kwa adabu sana, halafu akasema watoto wanachota maji mtoni na vyoo havina maji ya kunawia. Vitabu vikaishia hapo. Nendeni shuleni, au kwenye zahanati, au kwa kikundi cha kina mama mnachotaka kukisaidia, mkae, mnywe chai, muulize. Ombeni barua yenye mhuri inayosema mradi ni upi na unagharimu kiasi gani. Barua hiyo mtaihitaji kuliko mnavyofikiri.

Kama mradi ni tangi, bajeti iwe ya kazi nzima. Watu hununua tangi, likaletwa na lori, likapigwa picha, halafu likakaa chini ya mwembe mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyekumbuka msingi wa mawe wa kulikalisha, mifereji ya paa, mabomba, bomba la kumwaga maji machafu ya mvua ya kwanza, na bati la paa lenyewe ambalo pengine limeoza. Kadirieni pia maji yatakayopatikana. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Darasa lenye paa la mita 8 kwa 20 lina mita mraba 160, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inatoa lita 1,600, ukitoa kidogo kwa yanayomwagika. Tangi la lita 10,000 linataka mvua chache nzuri tu, na Kano mvua ikiamua kunyesha hainyeshi kwa aibu. Mchangiaji akionyeshwa hesabu hiyo anatoa pesa haraka kuliko anayeonyeshwa picha ya mtoto mwenye huzuni. Picha za namna hiyo, kwa maoni yangu, ziachwe kabisa.

Hatua ya pili: pesa zisipite mfukoni mwenu

Hapa sitaki mchezo. Mchango uende moja kwa moja kwenye Paybill (namba ya malipo ya M-PESA) au akaunti ya benki ya shule, na halmashauri ya usimamizi ya shule ijue. Wiki ya kwanza sisi tulitumia namba ya simu ya mwenzangu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Watu wakatuma. Lakini katikati ya michango kulikuwa na pesa za chama, mteja wake aliyelipa deni, tokeni za stima, na shemeji aliyerudisha mkopo bila kuandika ni wa nini. Tulikaa jioni mbili kutenganisha ujumbe mmoja mmoja wa M-PESA kwa kalamu na daftari. Hakuna shilingi iliyopotea, ila nilielewa jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kuonekana mwizi.

Gharama zenu ziwe zenu. Chakula, malazi, tyubu, nauli ya kurudi, vyote vitoke mifukoni mwenu, na mseme hivyo mapema kwa maandishi. Mchangiaji akijua mia mbili yake haitanunua chapati zenu, anatoa kwa moyo mweupe.

Watu wengi hupenda kuahidi kwa kilomita. Njia nitakayoieleza ni karibu kilomita 200, kwa hiyo anayeahidi shilingi 5 kwa kilomita anatoa 1,000, na wa shilingi 10 anatoa 2,000. Ahadi za aina hii ni tamu kwa sababu watu wanafuatilia safari kama mechi. Mkubaliane mapema itakuwaje mkikwama. Sisi tulisema ahadi za kilomita zitahesabiwa hadi pale gurudumu litakaposimama, na michango ya kawaida itaenda shuleni hata tukiishia Njoro.

Halafu kuna sheria. Kukusanya michango kwa umma nchini Kenya kuna sheria yake, Sura ya 106. Kuwaandikia jamaa na marafiki kwenye kundi la WhatsApp ni jambo moja. Kusimama stendi ya Molo na kikopo ni jambo jingine kabisa. Mkitaka kikopo, nendeni na ile barua ya shule kwa chifu na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti mkaulize kibali kabla ya safari. Sisi tuliamua kutobeba kikopo. Tulichapisha vijikaratasi vyenye Paybill ya shule na ile sentensi yetu moja, tukawapa waliouliza. Fedha taslimu barabarani ni mzigo, na ni mwaliko kwa watu wasiofaa.

Hatua ya tatu: funga mkataba na mwenzako

Sisemi mwende kwa wakili. Lakini kaeni mezani, kila mmoja aseme asichokiweza. Mwenzangu ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi haikuwa siku ya kukanyaga pedali, na hilo peke yake lilipanga ratiba yote: kuondoka Jumanne, kufika Alhamisi, kukabidhi Ijumaa wakati watoto bado wako shuleni. Mimi nilisema siwezi kupanda kitu kabla ya chai. Yeye alisema anakoroma. Mambo haya ni afadhali yasemwe Nakuru kuliko yagunduliwe Molo usiku.

Kanuni ya mwendo ni hii: mlimani, aliye mwepesi zaidi abaki nyuma. Watu hufanya kinyume chake. Mwenye nguvu anatangulia, anafika juu, anapumzika dakika kumi, na mwenzake akifika akihema, yule anasema "haya twende". Baada ya mara nne, urafiki unaanza kuingia maji. Aliye nyuma pia ndiye abebe spana, pampu na maji ya ziada, maana anayo miguu ya kubebea. Kwenye mteremko badilisheni: kila mmoja ashuke kwa mwendo wake, mkiachana nafasi kubwa, na msubiriane chini nje ya lami.

Na msijadili jambo lolote zito kabla ya kula. Ugomvi wetu mkubwa, pale karibu na Mau Summit, ulihusu nani alipaswa kununua betri za taa. Tulipokula chapati na maharagwe hakuna aliyekumbuka nani alikuwa mshitaki.

Hatua ya nne: baiskeli

Black Mamba ni baiskeli ya heshima. Imebeba mahindi, wagonjwa na maharusi wa magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, na fundi wake hakosekani katika kijiji chochote. Lakini nzito ilivyo, bila gia, na breki zake za vyuma ambazo zikilowa maji hukushauri tu badala ya kukusimamisha, sitakushauri uteremke nayo kutoka Kericho na mzigo. Tafuta baiskeli ya gia ya mtumba, yenye gia ndogo ya kutosha ili uweze kupanda ukiwa umeketi na bado ukazungumza. Ukubwa wake uwe wako: ukikaa kwenye kiti na pedali ikiwa chini, goti libaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatakulipisha siku ya pili.

Mpelekee fundi wiki mbili kabla, wala usingoje usiku wa kuamkia safari. Mwambie abadilishe mipira ya breki yote minne, akaze spoki za gurudumu la nyuma, na aangalie kama cheni imelegea kwa uchakavu. Gurudumu la nyuma ndilo hubeba uzito wako na mizigo, na spoki zikianza kukatika huanzia huko. Kisha kaa hapo kibandani umtazame anavyofanya. Mtu anayekwenda kilomita 200 bila kujua kuziba pancha anamtegemea Mungu kwa kazi ambayo Mungu amemwachia yeye mwenyewe.

Mzigo ufungwe chini na uwe mdogo. Kila mmoja: tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, vyuma vya kutolea tairi, pampu moja kwa wawili, spana za kufaa nati zenu, kipande cha tyubu kuukuu cha kufungia chochote, koti la mvua, sweta, nguo moja ya kulalia, taa ya mbele na nyekundu ya nyuma, kizibao cha kuakisi mwanga. Kofia ngumu ivaliwe kichwani. Niliwahi kumwona mtu ameining'iniza kwenye usukani akiteremka, sijui alikuwa anakilinda kitu gani. Nguo zifungeni kwenye kipande cha turubai ndani ya begi. Begi linalosemwa halipitishi maji halijapita Kericho.

Hatua ya tano: miguu

Mjizoeze wiki sita, mara tatu kwa wiki, na moja kati ya hizo iwe ndefu. Wakazi wa Nakuru wana bahati ya kuwa na Menengai hapo nyuma ya mji: kutoka mjini, kwenye mita 1,850 hivi, hadi kilele cha mita 2,278, ni mlima wa kutosha kukuambia ukweli. Pandeni mara moja bila mzigo, halafu na mzigo wote mtakaobeba. Mara ya pili mtarudi nyumbani na kutoa nusu ya vitu kwenye begi, kama tulivyofanya sisi. Mazoezi marefu yawe ya kwenda Njoro na kurudi, ili kipande hicho siku ya safari kiwe cha nyumbani.

Kuhusu msimu, Januari na Februari ndiyo miezi yenye mvua chache. Machi hadi Mei msijaribu.

Hatua ya sita: barabarani

*Siku ya kwanza, Nakuru hadi Molo, kilomita 50 hivi.* Ramani ya simu itawaambia mfuate barabara kuu kupitia Salgaa na Sachangwan. Ikatalieni. Kipande hicho kina mteremko mrefu unaozishinda breki za malori. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipowaka moto mwaka 2009 na kuua zaidi ya watu 100, na karibu na hapo, Migaa, watu 36 walikufa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi lilipogongana na lori. Ukuta wa kugawanya barabara uliojengwa baadaye umesaidia magari yasikutane uso kwa uso. Mwenye baiskeli anayefuatwa na trela kwa nyuma haumsaidii kitu.

Badala yake, ondokeni mara tu kunapokucha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpite kipande kifupi cha barabara kuu magari yakiwa bado machache, kisha mshike njia ya Njoro. Njoro kunyweni chai na mandazi. Kutoka hapo barabara inapanda taratibu kupitia Elburgon na Turi hadi Molo, ikiandamana na reli ileile iliyofika Kisumu mwaka 1901, enzi mji ule ukiitwa Port Florence. Mwinuko si mkali. Ni mrefu tu, na hauishi. Wapimaji wa reli walitafuta njia ambayo injini ya mvuke ingeweza kuipanda, na magoti yako yatawashukuru. Mkilazimika kuvuka reli yenyewe, ivukeni kwa pembe mraba, maana chuma kilicholowa huvuta tairi la mbele na kumlaza mtu chini kabla hajajua kimetokea nini.

Elburgon ni mji wa mbao, kwa hiyo tegemeeni malori ya magogo. Mkisikia moja linakuja nyuma na jingine linakuja mbele, shukeni kabisa kando ya barabara. Msibishane kwa sababu sheria iko upande wenu. Bodaboda wanaopita kingo za barabara upande usio wao nao ni hatari ya kila saa. Wapigieni kengele mapema.

Molo ni baridi. Mtu wa Kisumu anayeifikia jioni na fulana tu ataikumbuka. Ulizeni nyumba ya wageni yenye maji moto na itakayowaruhusu kulala na baiskeli chumbani. Wengi hukubali mkifuta matairi kwanza. Viazi vya huko vikaangwe vingi.

*Siku ya pili, Molo hadi Kericho, karibu kilomita 70.* Kutoka Molo mnarudi kwenye barabara kuu, na hapo kuna kipande kinachobaki hadi Mau Summit ambacho ni cha kukaza macho: mstari mmoja, hakuna kuendesha sambamba mkipiga soga, hakuna spika za masikioni. Mau Summit njia inagawanyika. Malori mengi ya Malaba hunyooka kuelekea Eldoret, ninyi mnachukua kushoto kuelekea Kericho, na masikio yanapumzika kidogo.

Kidogo tu. Londiani Junction ndipo lori lilipopoteza mwelekeo tarehe 30 Juni 2023, likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hawa hawakuwa wakiendesha chochote. Tangu hapo nina kanuni ambayo wenzangu huiona ya uoga: sipumziki, sinywi chai, wala sizibi pancha kando ya lami penye mteremko au penye soko. Naisukuma baiskeli hadi nyuma ya majengo, au juu ya ukingo, ndipo naketi. Kama ni uoga, basi ni uoga niliousomea.

Baada ya Chepseon mnaanza kuona majani ya chai, na pamoja nayo mawingu. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi ni alasiri, wakati mwingine kwa mvua ya mawe inayopiga kofia kama mtu anabisha hodi. Pangeni kuingia mjini kabla ya saa nane mchana. Mvua ikiwakuta, ombeni hifadhi kwenye kibanda chochote. Kwa Kikalenjin, neno "chamgei" la kusalimia na "kongoi" la kushukuru hufungua milango mingi. Mkipewa mursik, maziwa yao ya mgando, kunyweni kwa adabu jioni. Mwenzangu alikunywa asubuhi kabla ya kupanda baiskeli, na sitaeleza zaidi.

Viatu vilivyolowa vijazeni magazeti usiku kucha. Asubuhi havitakuwa vikavu kabisa ila mtavivaa bila kupiga kelele.

*Siku ya tatu, Kericho hadi Kisumu, karibu kilomita 80.* Watu wanaitamani siku hii kwa sababu ni ya kuteremka karibu mita 1,000. Ndiyo siku iliyonitisha kuliko zote. Mlimani kosa lako linakuchosha. Mteremkoni linakuvunja mfupa. Kabla ya kuondoka pimeni breki, shikeni spoki moja moja, kazeni nati za magurudumu. Mkiteremka, msining'inie kwenye breki muda wote. Bana, achia, bana, achia, zote mbili kwa pamoja, ya mbele kwa upole. Rimu hupata moto, na moto ukizidi tyubu hupasuka ndani ya tairi. Baada ya kila mteremko mrefu simameni nje ya barabara, mguse rimu kwa tahadhari, mngoje ipoe. Kama lami imelowa, mwendo ukatwe nusu.

Baada ya Kapsoit hewa inabadilika. Sweta linatoka, kisha la pili, na mkikaribia Awasi mnajiuliza kama ni nchi ileile. Hapa maji ndiyo kila kitu: angalau lita tatu kila mmoja, na chumvi kidogo kwenye chakula. Matrela ya miwa hupita hapa. Yanayumba na kudondosha miwa, yaachieni nafasi.

Kuna jambo kuhusu Kano ambalo hakuna aliyetuambia. Nchi ni tambarare, mtu anaona Ahero na mashamba yake ya mpunga, anaona amemaliza. Lakini mchana ukiiva, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, yaani usoni penu moja kwa moja. Kilomita 20 za mwisho tulizifanya kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni. Laiti tungekuwa Ahero kabla ya saa sita. Mkichelewa, badilishaneni kukaa mbele kila baada ya dakika tano, wa nyuma ajifiche kwenye mgongo wa mwenzake, na mkubali.

Shule yetu iko huko Kano, yaani tuliipita kabla ya kumaliza. Watoto walikuwa wamejipanga, wakatukimbilia hadi nguvu zikawaishia. Hatukusimama, na si kiburi: ahadi za watu zilikuwa za hadi Kisumu, na sherehe ikianza saa tano inakwisha saa kumi. Mwambieni mwalimu mkuu mapema ili asione mmewadharau. Rabuor, Nyamasaria, kisha mji wenyewe. Samaki. Nilikula ngege mzima bila kuzungumza na mtu.

Mwenye nguvu iliyobaki anaweza kuendelea kupitia Maseno, ambako ikweta inakatiza barabara, hadi Busia. Huko mpakani ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, kutokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya vituo vya mpaka vya Kenya na Uganda. Sisi nguvu haikubaki.

Kuhusu afya nitasema mawili. Mtu wa Nakuru akishuka kanda ya ziwa anaingia nchi ya malaria, na mwili wake hauna mazoea ya mtu wa Ahero. Laleni ndani ya neti, muulizeni daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na homa ikija wiki moja au mbili baada ya kurudi msiseme ni uchovu. Nendeni mkapimwe, na mwambie mhudumu mlikotoka. La pili, michango yenu ya SHA, bima ya afya ya taifa, iwe imelipwa, na mtu wa nyumbani ajue kila jioni mmelala wapi. Namba za dharura ni 999 na 112.

Hatua ya saba: kukabidhi, na kurudi

Nendeni Ijumaa kwa matatu, na fundi wa mabomba kama amepatikana. Pesa zipo tayari kwenye akaunti ya shule, kwa hiyo hakuna bahasha ya kukabidhi, na hilo hufupisha hotuba. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila idhini ya shule na wazazi. Tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data, na hata isingekuwapo ni adabu. Pigeni picha za msingi, mifereji na bomba. Ndani ya wiki mbili watumieni wachangiaji wote hesabu: kiasi kilichoingia, risiti za kilichonunuliwa, kilichobaki na kinakokwenda. Wale wa ahadi za kilomita ambao hawajatuma watajiona kwenye orodha na kutuma. Kwa Wajaluo wenyeji wetu, "erokamano" yenu, yaani asante, iwe ya kwanza kusemwa.

Kurudi ni kwa basi au matatu, baiskeli juu ya keria. Kondakta ataanza kwa kudai nauli ya mtu mzima kwa kila baiskeli. Msilipe kabla hamjajua itakaa wapi. Ng'oeni pedali, geuzeni usukani ulale sambamba na gurudumu, na mpande juu wenyewe kuzifunga, kwenye fremu, kamwe si kwenye spoki. Halafu kaeni hapo hadi mzigo wa mwisho upande. Sisi tulishuka mapema kutafuta soda. Baiskeli yangu ilimaliza milima yote ile bila hata pancha, nikaipokea Nakuru rimu ya mbele imepinda kama sahani, na juu yake magunia mawili ya omena.